Ramani Iliyomchora Jirani

Juzi, katika duka moja la Omurushaka, niliona ramani ya picha ya wakati wa vita imebandikwa juu ya magunia ya maharage. Ilikuwa ileile ya ofisi ya kijiji chetu, Bugomora. Ng'ambo ya mto, kwenye ardhi yetu iliyotekwa, fisi mwenye kofia ya kijeshi alitafuna migomba. Upande wetu alijificha jasusi mwenye koti refu na fimbo.

Leo nina shahada ya jiografia. Wakati ule, nikiwa mtoto, niliamini kwamba ramani huchora kilichopo, na jirani yetu Mzee Gatera, mfugaji aliyetoka Rwanda, alikuwa na koti refu na fimbo. Alipopita pale ofisini akinukia moshi na samli, nilimvuta mgambo mkono.

"Shikamoo. Yule wa ukutani ndiye yule pale."

Mgambo aliitazama ramani, akamtazama mzee. Jiografia yake ilikuwa kama yangu.

"Mzee, vua koti."

"Mvua inanyesha, mwanangu."

"Vua, twende ndani."

Walimwachia baada ya siku mbili. Kesho yake alituletea maziwa kama kawaida. Kwetu, anayekukaribisha pombe ya ndizi huionja kwanza, usije ukashuku sumu. Maziwa ya jirani hayaonjwi. Mzee Gatera alifungua kibuyu, akanywa funda moja huku akinitazama, ndipo akanipa.

"Kunywa, mjukuu wangu."

Nilikunywa. Nilidhani mzee alikuwa na kiu.