Ndege ya Mama Florentine na Jumamosi Nne

Kwenye mahubiri Florentine Kahindo aliweza kusinzia, lakini kwenye matangazo ya mwisho wa misa, kamwe. Hapo ndipo mfanyabiashara hujua nani anaoa, maana atahitaji sufuria, na nani amefiwa, maana atahitaji sufuria kubwa zaidi. Jumapili ile ya mwaka 2001 karani wa parokia alimaliza majina ya wachumba, akageuza karatasi, akasoma:

"Jumamosi nne zinazokuja, kuanzia saa nane mchana, kwa Mama Florentine kule mtaa wa Tshopo, ndege itakuwa wazi kwa watu wote. Jumamosi ya kwanza: kukaa kwenye kiti cha rubani na kujua kazi ya kila saa ya vipimo iliyo mbele yake. Ya pili: kwa nini kitu kizito kinaruka. Ya tatu: mwezi, na watu waliofika huko. Ya nne: maswali. Mwelezaji ni Papa Cyprien, fundi wa ndege. Kuingia ni bure."

Florentine alikuwa ameshaanza kutafuta kiatu chake chini ya benchi. Neno "bure" lilimnyoosha mgongo.

Jirani yake, Mama Clémence, alimgusa kwa kiwiko. "Kumbe weye iko na musée, nyumba ya maonyesho, kwako, na unatuficha?"

"Hata mi mwenyewe nilifichwa," Florentine alijibu.

Ndege ilikuwa yake, hilo halikuwa na ubishi. Lakini hakuinunua ili itazamwe. Jumatano ya wiki hiyohiyo ilikuwa ikatwe kwa msumeno, iyeyushwe, iwe sufuria.

Tangu vita vifunge mto Kongo kule chini kupita Isangi, majeshi yakitazamana ng'ambo kwa ng'ambo, boti hazikuleta tena kitu. Mji uliishi kwa ndege za mizigo na kwa baiskeli. Florentine, aliyefika Kisangani akiwa msichana, amekaa juu ya magunia ya maharage kutoka Butembo, na hakuna hata gunia moja lililokuwa lake, hakuwa mtu wa kulia mto umefungwa. Alimtafuta Dominique, mwenye kuyeyusha alminiamu na kuimimina kwenye mchanga. Walitengeneza sufuria, wakazibadilisha kwa chumvi iliyoshuka na ndege, na chumvi ikazaa vingine. Kisha vyuma chakavu vikaisha mjini. Watu walikuwa wamekwisha kuuza hata miguu ya vitanda.

Ndipo akakumbuka ile ndege ya injini mbili iliyotoka nje ya uwanja kabla ya vita ikavunjika mguu. Mwenye ndege alikufa, na mjane wake, Philomène, aliitoa kwa cherehani ya Florentine. Ndege kwa cherehani! Watu walicheka soko zima. Florentine aliwaacha wacheke, maana cherehani ile ilikuwa inakata uzi kila mishono mitatu, na Philomène alilijua hilo, na Florentine alijua kwamba Philomène anajua. Biashara nzuri ni ile ambayo kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kidogo.

Mabawa yalifunguliwa, yakabebwa kichwani. Mwili ulivutwa kama watu wa mto wanavyovuta mtumbwi mpya kutoka msituni: magogo chini, kamba mbele, wanaume sitini, wimbo, na mwishoni kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki. Aliyefungua mabawa, msumari kwa msumari, ni Papa Cyprien, fundi wa miaka ishirini uwanjani, ambaye kampuni yake ilikuwa imeondoka bila kumuaga. Alipoulizwa anataka malipo gani, alisema: "Nitachukua kitu kimoja cha ndege hii, kile nitachagua mi mwenyewe, siku nitataka."

Florentine aliangalia haraka: radio iliyokufa, viti vilivyochanika, saa zilizosimama. Akapiga mkono wake kwenye mkono wa fundi, Dominique akiwa shahidi. Usiuze kitu kisichotajwa jina: hilo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawake wengi sokoni. Lakini siku ile macho yake yalikuwa kwenye mabawa.

Mabawa yaligeuka sufuria, sufuria zikawa chumvi, na chumvi sasa imekwisha. Meza yake sokoni ilikuwa tupu wiki moja. Kanuni ya soko ni fupi: meza tupu wiki tatu, inapewa mwingine. Na Viviane, muuza sahani, alikuwa kila asubuhi akipita mbele ya meza ile polepole, akiipima kwa macho kama mtu anayechagua godoro.

Kwa hiyo alitoka misani moja kwa moja mpaka nyumbani, na akamkuta Cyprien juu ya ngazi, akipangusa kioo cha mbele cha ndege kwa jani la mgomba lililolowa.

"Papa Cyprien, ndege hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Na Jumamosi za nani?"

"Zangu." Hakugeuka. "Tulisema nitachukua kitu kimoja. Radio sikuchukua, kiti sikuchukua. Nachukua Jumamosi ine."

"Jumamosi haiko kitu ya ndege!"

"Ah bon? Alors ikate kabla Jumamosi haijafika, tuone kama hukukata kitu changu."

Florentine alimgeukia Dominique, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la makaa. "Na weye? Iko upande wa nani?"

"Upande wa nzungu, hizi sufuria, mama. Bila kumimina nzungu sikuli. Lakini mkono ulipigwa. Niliona."

"Macho yako yanaona sana siku hizi."

"Njo hayohayo yalipima mabawa kuwa alminiamu nzuri, na ulifurahi."

Florentine alipiga hesabu. Kuvunja neno la mkono kungemgharimu kuliko ndege. Mfanyabiashara wa chumvi humkabidhi magunia kwa neno tu; kesho akisikia kwamba Mama Florentine alikana mkono mbele ya shahidi, chumvi itashukia kwa Viviane. Upande mwingine, Jumamosi nne ni wiki nne, na meza ilikuwa imebakiwa na mbili. Alizunguka ndege mara moja, mikono nyuma.

"Bon," alisema. "Jumamosi ni zako. Mlango wa kiwanja changu ni wa nani?"

"Wako, mama."

"Wewe utafundisha bure, kama karani alivyosoma. Mi sigusi tangazo la kanisa. Lakini mlango wangu unakula alminiamu. Kijiko kilichovunjika, kifuniko, sahani imetoboka. Anayeingia aulishe kwanza."

"Mama, hii ni elimu!"

"Hata shule inaomba kitu mlangoni, papa. Shuka kwenye ngazi, utaanguka."

Jumamosi ya kwanza watu walipanga foleni mpaka njia ya baiskeli. Florentine alikaa mlangoni na gunia wazi. Mwanamume mmoja alileta maganda ya risasi, mfuko mzima.

"Hiyo ni shaba, papa. Rudishia wenyewe, bado wanafanya vita."

Watu walicheka, na yeye akarudi mbio nyumbani kuleta kitana cha alminiamu. Mama Clémence alifika na wajukuu watano na sufuria nzima, nzuri, akitaka kuitoa.

"Na ndizi za lituma utapikia nini?"

"Nitakuja kuomba kwako, mama yangu. Watoto wanalia ndege tangu Jumapili."

"Rudi na kifuniko chake. Watano wataingia kwa kifuniko." Haukuwa wema. Mtu aliyetoa sufuria yake ya mwisho huja kuomba nyingine kwa machozi, na machozi yanaharibu bei.

Ndani, Papa Cyprien, katika shati lake la zamani la kazi, alikuwa amepanga maelezo ya kiti cha rubani. Saa hii inapima mwendo, hii inapima urefu wa kwenda juu, hii inasema kama mabawa yamelala sawa. Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha wote wakagombania dirisha. Dirisha la tatu upande wa kushoto, lisilo na ufa, ndilo lililokuwa na foleni yake peke yake. Na kulikuwa na nini cha kuona? Jiko la Florentine, kuku wake, kamba ya nguo. Lakini waliweka paji la uso kwenye kioo na hawakutaka kumpisha mwingine. Kwa miaka mitatu walikuwa wameangalia ndege kutoka chini: hii imeleta chumvi, hii imeleta askari, hii tukimbilie wapi. Florentine aliwaona kutoka mlangoni, uso baada ya uso kwenye kioo kilekile, na akajiuliza wanapata nini pale ambacho hawakutoka nacho nyumbani.

Jumatatu Dominique alimimina sufuria kumi na moja. Jumanne zilikuwa mezani. Viviane akapita, akasalimia, safari hii haraka.

Jumamosi ya pili alikuja askari, peke yake, silaha begani. Foleni ikafunguka kama maji. Florentine alibaki amekaa.

"Chef, karibu. Mlango huu unakula alminiamu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mutu anataka kuona ndege. Wote hapa wanataka kuona ndege. Wote wamelipa."

Nyuma ya askari mtu alikohoa. Askari akafungua kiunoni chupa yake ya maji, ya alminiamu, akaitikisa, akanywa yote, akaitupa guniani. Ndani hakwenda kwenye kiti cha rubani. Alikaa kwenye dirisha la tatu. Cyprien aliacha hewa na mabawa, akamuuliza kama amewahi kupanda ndege.

"Nilikuja nayo hapa," askari alisema. "Tulikaa chini, juu ya masanduku. Haikuwa na dirisha." Akaangalia kuku. "Sikujua tumepita wapi."

Aliondoka kabla somo halijaisha.

Jumamosi ya tatu Cyprien alikuwa ameichagua kwa akili: alihesabu umri wa mwezi, akajua kwamba saa kumi alasiri nusu yake itakuwa juu mashariki, nyeupe, mchana kweupe. Aliwatoa wote nje, akawaonyesha juu ya michikichi. Akawaambia jinsi watu watatu walivyosafiri siku nne kwenda, mmoja akabaki akizunguka, wawili wakashuka wakatembea.

"Walikuta nini?" mama mmoja aliuliza.

"Vumbi. Na mawe."

"Wakaleta nini?"

"Mawe."

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. "Safari yote ile, mutu anarudi na mawe! Bibi yake alisema nini?"

Florentine hakucheka. Aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya sokoni: "Waliyauzia nani?"

"Hakuna, mama. Mengine wenye elimu wanayachunguza. Mengine yamewekwa kwenye nyumba, nyuma ya kioo. Watu wanakuja kuyaangalia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Miaka zaidi ya thelathini. Familia nzima inavaa vizuri, inasafiri, inapanga foleni."

"Na jiwe halipungui."

"Halipungui."

Florentine alitazama gunia lake. Lilifika nusu tu. Mji ulikuwa umekwisha kutoa vijiko vyake. Jumamosi ya nne lilijaa robo, na maswali yalikuwa mengi kuliko vifuniko. Sufuria za mwisho ziliuzwa Jumanne, na Jumatano ya wiki ya tano Dominique alisimama uani na msumeno na wasaidizi wawili, kama ilivyopaswa kuwa mwezi mmoja kabla.

Papa Cyprien alikuja pia. Jumamosi zake alikuwa ameshakula zote nne, na alikuwa mtu wa haki. Alikaa kwenye gogo, akaweka kofia kwenye goti.

Florentine alichukua kipande cha makaa. Alipanda ndani ya ndege, na wote wakamsikia akitembea, hatua nzito, hadi mbele. Alikaa huko kidogo. Alipotoka aliinama ubavuni mwa ndege, nje, na kuchora mstari mweusi kuanzia juu mpaka chini, nyuma ya kiti cha rubani na ya madirisha matatu ya kwanza.

"Dominique, kutoka hapa kwenda nyuma ni yako. Kata. Itajaza meza mpaka mvua."

"Na huku mbele?"

"Huku mbele, tunangoja."

"Tunangoja nani, mama? Nani atanunua kichwa cha ndege?"

"Sijamjua. Cherehani nilikaa nayo miaka sita bila kumjua Philomène."

Cyprien alisimama. Uso wake haukuwa wa shukrani. "Mama, mabawa ulikula. Sasa mkia na tumbo. Hiyo haiko ndege tena. Nitawaonyesha watu nini?"

"Papa, weye ni mutu wa hapa. Samaki wa wavuvi Wagenia akikatwa, watu wanagombania kipande gani?"

Dominique alicheka peke yake. "Kichwa," alisema.

"Nyamaza, sikukuuliza." Akamgeukia fundi. "Kiti cha rubani kipo. Saa zako zipo. Dirisha lao lipo. Kama unataka kuonyesha mkia, chora kwenye ubao."

Msumeno ulianza, na sauti yake ikawatoa majirani majumbani. Cyprien aliangalia bati la kwanza likifunguka. Kisha akavaa kofia.

"Na Jumamosi ya tano," aliuliza, "utaniomba nini?"

Florentine alivuta kiti kimoja kilichochanika, kilichotolewa tumboni mwa ndege dakika ile ile, akakikung'uta vumbi, akamsogezea. Yeye mwenyewe akakaa juu ya gunia la makaa.

"Kwanza utaje weye unachotaka," alisema. "Na safari hii, utaje kwa jina."