Kwenda Itebero Bila Mzigo

Mama yangu alikuwa na mfereji kwenye paji la uso. Halikuwa kovu la ugonjwa wala la ajali. Kamba ya kitunga ndiyo iliyouchimba, mwaka baada ya mwaka, maana kwetu Masisi mwanamke hubeba mgongoni, na kamba ya mzigo hupita juu ya macho. Nywele za mbele zilikataa kuota hapo tangu kabla sijazaliwa. Jumapili alifunga kitambaa ili aufiche mfereji ule misioni, lakini kitambaa nacho kilizama humo humo kama kimezoea njia.

Siku hizi nikisikia watu wakisifu nguvu za wanawake wa milimani, nanyamaza kwa adabu tu. Nguvu gani? Mama alibeba kwa sababu maharagwe hayana miguu. Asubuhi alilima shamba letu, baadaye akaenda kuchuma maua ya pareto kwa mzungu, jioni akarudi na kuni. Mimi nilikuwa binti wake mkubwa, nilimfuata nyuma na mzigo wangu, na mpaka leo mgongo unanikumbusha.

Kitu kimoja tu alikifanya akiwa na uso uliofunguka: kusuka. Baada ya chakula alikaa karibu na moto na vipande vya mianzi alivyovipasua mwenyewe. Vingine alikuwa amevizika katika tope la kinamasi mpaka vikawa vyeusi, na hivyo alivipitisha karibu na mdomo wa kitunga, mstari wa kupindapinda, kila kitunga na mstari wake. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua, na vitunga vyenyewe ni vya kujazwa maharagwe.

“Maharagwe haina macho,” akasema, “lakini mimi niko nayo.”

Kiangazi kimoja, tulipokwisha kuvuna, alimwambia baba kwamba anataka kwenda Itebero, chini kwenye msitu wa Walikale, ambako mdogo wake aliolewa. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Baba hakuona neno. Akauliza atapeleka maharagwe kiasi gani.

“Hapana maharagwe,” mama akasema. “Ninaenda kutembea.”

Neno hilo lilimshtua baba, nami pia. Mama alikuwa ametumia miguu yake maisha yote, lakini kutembea, maana yake kwenda kwa kupenda tu, kuangalia, kucheka na watu na kurudi, hilo hakulifanya hata mara moja. Vijana walitembea. Mzungu wa pareto alitembea na mbwa wake Jumapili. Mama alikwenda kisimani, sokoni, shambani.

Baba alikuwa mtu mpole, lakini alikuna kichwa. “Mukono mutupu haulambwi,” akasema. “Tena unajua vile bantu banasema. Mwanamuke njiani bila muzigo, iko mambo mawili: anakimbia bwana yake, ao anapeleka habari ya kifo.”

“Basi nitaenda na mutoto. Bataona kama sikimbii.”

Kuhusu kifo hakujibu. Nafikiri hakutaka kukubali kwamba desturi hiyo ilimhusu na yeye.

Wakati ule huvuki mpaka wa sheferi yako, yaani eneo la chifu wako, bila pasi. Tulikwenda kwa karani, na karani akauliza sababu ya safari.

“Kutembea.”

“Kutembea njo kazi ya bazungu, Mama. Sema sababu ingine.”

“Andika mugonjwa.”

“Nani mugonjwa?”

“Mimi. Nimechoka.”

Karani alimtazama, akacheka puani, akaandika kwamba mdogo wake anaumwa. Tukaondoka.

Asubuhi ile ya kwanza mama alitembea vibaya sana. Aliinama mbele kama kawaida, mikono juu karibu na masikio, ameshika kamba ambayo haikuwapo. Nilimwambia anyooshe mgongo. Akaunyoosha, akapiga hatua chache, akainama tena. Ilikuwa inachekesha, nami nilicheka, lakini pia nilimwonea huruma. Mpaka jua lilipopanda ndipo mikono yake ilipokubali kushuka.

Ndipo alipoanza kuona. Njia ile alikuwa ameipita mara nyingi akienda sokoni, lakini mwanamke mwenye mzigo huona visigino vya aliyemtangulia na si zaidi. Sasa akasimama kila mahali. Akauliza kilima kile ni kipi, nikamwambia ni kile kile cha sokoni. Akatazama ng’ombe wakipanda mmoja mmoja, akasema kumbe wana migongo mizuri.

Furaha hiyo waliiharibu watu wema. Mke wa mfugaji mmoja alitupatia maziwa, akaangalia mikono yetu mitupu, akashusha sauti: “Pole, Mama. Ni nani alikufa?”

“Hakuna muntu alikufa. Niko natembea tu.”

Mwanamke akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemwelewa mtu aliyekatazwa kusema. Baada yake wakaja wengine. Wanaume walivua kofia walipotuona kwa mbali. Bibi mmoja alitupatia viazi vya kuchoma, kisha akaanza kuwalilia wafu wake mwenyewe, ikabidi tukae naye mpaka amalize. Kila salamu ilimtwisha mama maiti mpya. Jioni, tulipopata mahali pa kulala kwa Wakristo wenzetu, alikaa chini na kusema, “Nimechoka kupita kama ningebeba.”

Kesho yake, milima ilipoanza kutuacha na msitu kutupokea, alinionyesha gogo, akaniambia nikae. Aliingia kichakani na kisu, akatoka na mitambaa mibichi, ile mimea ya msituni inayotambaa mitini kama kamba, akaanza kusuka. Alisuka kwa upana, matundu makubwa, haraka haraka, na huku akiimba kwa sauti ndogo. Kilipokwisha kilikuwa kitunga kizima, na hata humo alikuwa amepitisha mtambaa mwekundu karibu na mdomo. Akakijaza majani makavu ya migomba, akayafunika, akapitisha kamba kwenye mfereji wake.

“Sasa bataniacha,” akasema.

Ni kweli walimwacha. Kila tuliyekutana naye alisema “Mama, pole na kazi,” mama akajibu “Asante, Papa,” na wakishapita bega lake lilitetemeka kwa kicheko. Chini ya mzigo ule wa majani alikwenda wima. Tulivuka mto Lowa juu ya daraja la mitambaa, akasimama katikati makusudi ili limbembeze, mtu mzima, mama wa watoto, huku nyuma watu wakingoja. Alinisimulia mambo ya usichana wake. Aliongea nami kama rafiki, na siku zile ndizo ninazozirudia ninapochoka, na ninachoka mara nyingi.

Tulipokaribia kijiji cha mdogo wake, alishusha kitunga, akamwaga majani, akakitupa kichakani. Nilisikitika, nikamwuliza sababu.

“Mudogo wangu asione uongo. Aone nimekuja juu yake tu.”

Mama mdogo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba. Aliinua macho, akamwona dada yake njiani, mikono mitupu, na mchi ukamponyoka. Hakungoja neno. Alijitupa chini akamlilia baba yao, mzee aliyekuwa amebaki Masisi. Majirani wakatoka, nao wakaanza kulia, maana huwaachi wenzako walie peke yao. Mama alisimama katikati ya matanga hayo akisema, “Hakuna muntu alikufa, baba iko muzima, sikilizeni,” na hakuna aliyesikiliza. Mwishowe akapiga magoti, akamshika mdogo wake mashavu yote mawili.

“Sasa ulikuja juu ya nini, yaya?” mama mdogo akauliza, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya.

“Kutembea.”

“Kutembea?” Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaanza kucheka na machozi yangali yanatiririka, na majirani, waliokwisha kulia bure, wakakasirika kidogo kabla ya kucheka nao.

Sikumbuki tulikaa muda gani. Nakumbuka wawili hao wakiziba kijito na wanawake wa kijiji, wakichota maji nje kwa vikapu mpaka samaki wakabaki wakirukaruka kwenye tope. Nakumbuka mama mdogo akimpaka mama mawese kwenye mfereji wa paji la uso, akiusugua kwa kidole gumba kama anayetaka kuufuta. Tena nakumbuka mchana mmoja nilipomkuta mama amelala kwenye mkeka, jua likiwa juu. Niliogopa nikamgusa, kwa sababu sikuwahi kumwona amelala mchana. Alifungua jicho moja, akaniambia niondoke.

Siku ya kuagana mama mdogo alisema, “Siku ingine nikiona unakuja mikono mitupu, sitalia tena. Nitajua iko kutembea. Nitaanza kucheka ungali mbali.”

“Njo vile,” mama akasema. “Nitarudi.”

Tulirudi Masisi na mawese na samaki wa kukaushwa, mizigo miwili mizito, kwa maana hakuna anayemwacha mgeni atoke Itebero mtupu. Njia yote ya kupanda niliona visigino vya mama. Hakuna aliyetupa pole ya kifo.

Hakurudi Itebero. Kila kiangazi alisema atakwenda, na kila kiangazi kulikuwa na jambo: pareto ya mzungu, maharagwe yetu, mtoto wa huyu, ugonjwa wa yule. Babu alifariki, na aliyepeleka habari alikuwa kijana wa ukoo aliyepata nafasi kwenye lori. Nami nikaolewa kilima cha pili, nikaanza kuchimbwa mfereji wangu. Kisha msimu mmoja wa mvua mama alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka maharagwe yakatoa maua, hakufika kuyavuna.

Baada ya mazishi baba aliniita. “Wewe njo unajua njia,” akasema. “Enda mbio. Usibebe kitu.”

Sikubeba kitu. Watu walinipa pole njiani, na safari hii nilijibu asante. Pale kwenye gogo sikukaa. Darajani sikusimama. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauugusi, na njia yote nilitengeneza maneno ya kumwambia mama mdogo, nikayatupa, nikatengeneza mengine.

Alikuwa nje, anaanika mihogo. Aliinua mkono kukinga jua, akaniona ninavyokuja, mikono mitupu, na nilimsikia akicheka kabla sijaona uso wake vizuri.

“Mutoto wa yaya!” aliwaitia majirani. “Banakuja kutembea!”

Alinikumbatia kwa mikono yenye unga. Akamtuma mtu akamate kuku. Akanishika bega, akachungulia nyuma yangu, kule njiani, akingojea.

“Na yaya? Alichoka?”

“Ndiyo, mama mudogo,” nikasema. “Alichoka.”

Akaendelea kutazama njia, akicheka bado, kidogo, kisha akanitazama mimi.