Njiwa Adimu wa Ilala

Bora niseme mwenyewe kabla wenzangu hawajawasimulia. Wiki iliyopita, juu ya paa moja hapa Ilala, niliona njiwa mweupe mwenye mabawa ya rangi ya chungwa. Nikampiga picha, nikatangaza kwenye kundi letu la wapenda ndege kwamba aina hiyo haimo kitabuni. Jumapili wakaja wote na kamera kubwa. Nikawapanga uani kwa watu, nikawakataza hata kukohoa.

Mwenye nyumba, mama anayewapaka hina maharusi, akatoka na mtama.

“Shikamoo mama. Tafadhali usimshtue, ni ndege adimu.”

“Marahaba.” Akapiga mluzi, njiwa akatua begani kwake. “Huyu wangu, baba. Hina ya harusi ilibaki, nikampaka asichanganyike na wa jirani.”

Kamera zote zikamwacha njiwa, zikanigeukia mimi.