Mtu wa Tano wa Sinema ya Lyktan

Ingegerd Wahlström alianza kukata tiketi katika sinema ya Lyktan, mjini Norrköping, akiwa msichana, siku ambazo wafumaji walitoka viwandani wakapigana vikumbo mlangoni. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, mlango ni uleule. Binti yake, Gunvor, alijifunzia kutembea katikati ya viti vya ukumbi ule.

Kisha televisheni zikaingia mitaani, na binadamu, jamani, hana fadhila. Walewale waliombembeleza Ingegerd awafinyie nafasi sasa walimpita njiani wakitazama viatu vyao. Mwenye sinema, Bwana Ekberg, akaweka sharti: wasipotimia watu watano, picha haionyeshwi, na Jumapili moja tu ikipita bila picha, jengo anamuuzia muuza matairi. Basi Ingegerd akawa mtu wa kugonga milango akiokota watazamaji. Mwenye njaa hana miiko: hata waliokuja kulala aliwapokea.

Jumapili moja ya Novemba waliketi wanne. Folke, mwendesha mashine, akachungulia.

"Bado mmoja, mama. Utampata wapi na mvua hii?"

"Gunvor yuko hapo ng'ambo ya barabara. Washa mashine ipate moto, narudi sasa hivi."

"Usikawie basi. Hawa wenyewe nimewashika kwa maneno matamu."

Gunvor alifungua mlango, kikombe cha kahawa mkononi. Nyuma yake, sebuleni, televisheni mpya ilikuwa ikinguruma. Alikuwa amemficha mama yake kwamba ameinunua.

"Vaa koti, twende," Ingegerd akasema, moyo ukimuuma.

"Nakuja, mama, kipindi kinakwisha. Kaa upashe miguu moto, umelowa chapachapa."

Akakaa ukingoni mwa kiti, koti mwilini. Mchekeshaji mmoja mnene alikuwa akihangaika na kitanda cha kukunja. Ingegerd alitaka kumchukia, asiweze. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Akapewa mkate wa mdalasini, akaula wote.

Walipofika Lyktan, Folke alikuwa akifunga mlango.

"Wameondoka, mama. Bwana Ekberg kapiga simu, nimemwambia ukweli. Kwani ulikuwa wapi?"

Gunvor akainama. Ingegerd angeweza kusingizia mvua, au goti lake bovu, na Folke angeamini.

"Nilikuwa naangalia televisheni."

Folke akachomoa ufunguo mlangoni.

"Nzuri?"

"Nzuri sana," Ingegerd akasema, akaanza kulia.