Wa Mwisho Amenye Ndizi

Nyie mliobanana mlangoni, ingieni ndani, nafasi ipo. Na wewe unayetafuna punje za kahawa, tafuna taratibu, unanifunika sauti. Mimi shule niliingia mara moja tu, siku nilipoitwa kuziba bati lililokuwa linavuja, kwa hiyo tarehe msiniulize. Lakini habari za mbio niulizeni mimi. Zile mbio zetu za kila mwaka pale Bukoba nimezikimbia tangu zilipoanza, na nazipenda kuliko Krismasi. Watu wanaozikimbia ndio sijaweza kuwapenda.

Mngewaona asubuhi kule ziwani! Mtu kavaa viatu vya rangi ya chungwa vinavyong'aa mpaka sato kule majini wanafumba macho. Kiunoni kajifunga mkanda una vichupa sita, utadhani mganga anaenda kutoa jini. Mfukoni ana vipakiti vya utelezi mtamu, eti vinampa nguvu, anavifyonza kila akipita nyumba tatu kama ndama. Nimevionja. Ni kamasi iliyotiwa sukari. Na mtu huyo huyo, na vichupa vyake na kamasi yake, anapitwa na akina mama wanaowahi soko, mikungu kichwani, miguu mitupu. Tena wanampita huku wanasengenyana!

Halafu kuna kujinyoosha. Muziki unafunguliwa, mtu anapanda jukwaani, anawaamrisha wanaume wenye wajukuu wainue mguu, washushe mguu, washike vidole vya miguu. Kama unavitamani vidole vyako si ungevishikia nyumbani? Baada ya hapo anakuja mgeni rasmi. Tumbo lake linafika kwanza, yeye anafuata baadaye. Anatuhubiria faida za mazoezi mpaka jua linatuchoma utosini, halafu anapuliza filimbi, anapanda gari, anaenda kutusubiri kwenye kivuli.

Sisi tupo wanne. Mimi, mkulima wa migomba pale Nyanga. Mchinja nyama wa Buhembe, mwili wake peke yake ungeombewa kuwa wilaya. Fundi cherehani wa mjini, Mwislamu, babu yake alitoka pwani akaja kununua ngozi, akaonja ndizi zetu, pwani wakamsubiri mpaka leo. Na karani. Karani wa ofisi gani siwaambii, maana hata humo ofisini hakuna anayejua anafanya nini. Tunakimbia ile nusu, kilomita ishirini na moja. Nzima ni ya watu wasio na mashamba.

Sasa sikilizeni sheria yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nusura nife. Mbio zikiisha tunakula pamoja, kwa zamu, mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Na atakayefika wa mwisho kati yetu wanne, au atakayekata njia, ndiye anayemenya ndizi za karamu. Mkungu mzima. Anakaa chini kwenye majani ya migomba, kafungwa kanga ya mama mwenye nyumba, wanawake wamemzunguka wanakagua maganda. Nyie ni watu wa hapa, sina haja ya kuwaeleza. Mwanamume wa Kihaya na kisu cha kumenyea ndizi ni kama askofu na nepi. Na ule utomvu! Unakushika viganja, vinakuwa vyeusi kama vya fundi gereji, na hautoki hata kwa mafuta ya taa. Jumapili kanisani ukimpa mtu mkono wa amani, anaugeuza kwanza, anautazama, anasema, "Ahaa. Kumbe mwaka huu ulikuwa wewe."

Miaka mitatu mfululizo nilikuwa mimi.

Si kwamba sina mbio. Mimi nikiwa na haraka kivuli changu nakiacha njiani, kinanikuta nyumbani kinahema. Shida yangu ni wazee. Barabara ya Nyanga ina wazee kuliko mawe, na siku ya mbio kila mmoja katoa kigoda chake kakaa mbele ya kibanja, shamba lake la migomba, anaangalia. Unampitaje mzee wa watu? Unasimama, unasalimia, anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za buni, mwisho anakuuliza mbona unahema. Mmoja alinishika mkono mpaka mchinja nyama akatupita, na mchinja nyama alikuwa anatembea.

Karani yeye anawapita wazee kama nguzo za umeme. Macho kwenye saa. Saa yenyewe inamsemesha Kiingereza kwa sauti ya mwanamke, na yeye anaitika! Mke wake akimwita haitiki. Mtu anaiuliza saa kama amechoka. Mimi nikichoka miguu ndiyo inaniambia, na inaniambia kwa Kihaya.

Basi mwaka huu zamu ikaangukia kwangu. Na wakwe zangu wakatuma salamu kutoka Buganguzi, kule Muleba, kwamba wanakuja siku hiyo hiyo kuiona nyumba yangu mpya. Baba mkwe ni mtu wa kahawa nyingi na maneno machache. Alipokuwa ananipa binti yake aliitazama mikono yangu muda mrefu, akasema, "Tutaona." Miaka kumi na miwili imepita, bado anaona. Sasa afike leo, akute mikono ile ile imeshika kisu, inamenya ndizi, na mwenye mikono kavaa kanga?

Mke wangu aliniweka wazi mapema. "Baba watoto, mwaka huu ukimenya, nitawaambia sikujui. Nitasema wewe ni kibarua."

"Na kanga yako nitakayofungwa?"

"Nitasema umeiiba."

Kuhusu mama mkwe ndiyo kabisa. Vijana wa siku hizi wanakaa na mama mkwe kochi moja wanaangalia tamthilia. Kwa akina mke wangu hapana, kule mambo bado ni ya zamani. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja, unachepuka, unaingia migombani mpaka apite. Tangu nioe sijamwona zaidi ya kisigino.

Nikajipanga. Siku mbili kabla ya mbio nilipita nyumba kwa nyumba, barabara nzima, nikawasalimia wazee wote kabisa. "Waitu, mzee wangu, salamu hii ni ya Jumamosi. Jumamosi nikipita, hesabu nimeshasalimia." Wengi walikubali. Mmoja akanikazia macho. "Na Jumamosi nikiamka mgonjwa, wewe utajuaje?"

Filimbi ikalia, watu wakatoka kama senene wameona taa. Fundi cherehani akapotea mbele, mwembamba kama uzi wake. Mchinja nyama safari hii naye alinishangaza, alikuwa anabingirika tu, mlima unapanda na yeye anabingirika kwenda juu. Tukazunguka Buhembe, tukarudi kuikamata Nyanga, na nyuma tukabaki mimi na karani. Yeye mbele yangu hatua ishirini, anadunda kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Hatua ishirini hizo zingeisha, ila yule mzee wa "nikiamka mgonjwa" alikuwa ameamka mgonjwa kweli, na kaja kunisubiri barabarani anieleze.

Sasa tunakaribia kwangu. Mke wangu kaweka meza ya maji pale mbele, kama kila mwaka. Nikamwona karani kasimama. Kapokea kikombe, kakinyanyua, kajipiga picha. Hakijakaa vizuri, kajipiga nyingine. Nikasema moyoni, leo kiganja cheusi ni chako. Nikakanyaga moto.

Hapo ndipo nikaona, katikati ya barabara, mama mmoja na jagi.

Mke wangu hakuwa ameniambia kwamba wageni wamefika mapema, wala kwamba mama yake kaomba naye agawe maji. Alijitetea baadaye: "Ningemzuiaje? Mama hawezi kuona mtu kakauka akamwacha apite." Na macho ya mama mkwe hayaoni mbali. Sote tulikuwa na fulana za rangi moja. Kwake sote tulikuwa watoto wa watu wenye kiu.

Mimi nilimtambua. Kwa kisigino.

Nifanye nini? Kumpita siwezi, kusimama siwezi. Nikachepuka. Pale kwenye mparachichi nikajirusha kibanjani mwangu mwenyewe, kichwa mbele, nikatua kwenye maharage ambayo nimeyapalilia kwa mkono wangu.

Kumbe kaona mtu kaanguka. "Mawe, mama wee! Mtoto wa watu kazimia!" Akaingia kibanjani na jagi lake.

Nikaamka nikakimbia. Akanifuata. "Mwanangu! Kunywa kidogo!" Nikaruka magimbi, nikaruka lundo la samadi, samadi ikanirudia yote. Nikapita nyuma ya banda, ng'ombe akanitazama kama hanijui, na maziwa yake nanywa mimi. Nageuka, jagi lile! Mama wa miaka sabini, maji hayamwagiki hata tone! Nikazunguka mgomba mmoja mara tatu, naye akauzunguka mara tatu. Mwisho nikapasua ua, nikatokea barabarani, na ninyi acheni kunicheka, nilitokea chini kule, nyuma kabisa ya mahali nilipoingilia. Karani yuko juu, kamaliza picha, anaondoka. Na nyuma yangu ua ukapasuka tena.

"Mwanangu, maji!"

Jamani, mimi sikumbuki kilichofuata. Walioona wanasema miguu yangu ilikuwa haionekani. Nilipita meza, nilipita karani, fulana yake ikainuka kwa upepo, saa yake ikasema kitu kwa Kiingereza. Nyuma nikamsikia mke wangu anapiga kelele, "Mama! Mama, huyo ni mkweo!" na jagi likaanguka. Sikugeuka. Pikipiki inayofungua njia mbele ya washindi niliikuta imezimika kwa aibu. Mjini nilifika miguu inataka kuendelea mpaka ziwani, ikabidi mchinja nyama anikumbatie ndipo nikasimama. Nililala kwenye tumbo lile kama godoro.

Karani akafika wa mwisho. Kapewa medali. Sote tunapewa, kibati chepesi, ukikiweka mezani feni inakipeperusha. Yeye akakibusu.

Tukapanda kwangu. Majani yametandikwa, mkungu umelala, kisu juu yake, kanga imekunjwa pembeni. Baba mkwe kakaa kwenye kiti changu kizuri, mikono kwenye fimbo. Mama mkwe yuko ndani, mlango umerudishwa. Nikasalimia, nikakaa kiume. Mara karani akasimama mbele ya mkungu, hakai.

"Mimi simenyi," akasema. "Huyu aliacha barabara. Nilimwona anaingia shambani, halafu ghafla yuko mbele yangu. Sheria yetu inasema anayekata njia ni wa mwisho."

"Sikukata," nikasema.

"Ulitokea wapi?"

"Nilitokea nyuma yako, wewe ulikuwa unapiga picha."

"Shahidi?"

Nyuma yetu hakukuwa na mtu, sisi ndio tulikuwa mkia. Mke wangu muda wote ule macho yake yalikuwa kwenye maharage niliyoyalalia. Karani akaiokota kanga kwa vidole viwili, akanirushia magotini. Akina mama wakaanza kusogeza vigoda.

Baba mkwe akaitazama kanga. Akaitazama mikono yangu, vile vile kama miaka kumi na miwili iliyopita. "Mwanamume anayeingia kibanjani kwa kujificha," akasema taratibu, "huwa anajificha nini?"

Niseme nini? Niseme namkimbia mkeo? Kisu nilikiona kinanisogelea chenyewe.

Fundi cherehani ndiye aliyeniokoa. "Tata, baba yetu, shahidi yupo. Aliingia naye, akatoka naye. Yuko ndani humo."

Mimi siwezi kumuuliza, yeye hawezi kunijibu. Mke wangu akaenda akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mama, wanauliza aliingilia wapi."

Minong'ono.

"Mama anasema aliingilia kwenye mparachichi."

"Na alitokea wapi?" akauliza baba mkwe.

Minong'ono, safari hii mirefu.

"Anasema alitokea chini kwa jirani, nyuma ya mparachichi. Anasema huyo bwana mwenye saa alikuwa juu bado anajitazama kwenye simu. Anasema pia mgomba mmoja waliuzunguka mara tatu, hajui kwa nini."

Baba mkwe akafikiri. Akatafuna punje yake ya kahawa mpaka ikaisha. "Basi huyu kakimbia barabara yote na kibanja juu yake," akasema. Akanyoosha fimbo yake, akaiokota ile kanga kutoka magotini pangu kwa ncha, akampelekea karani. "Kaa, bwana karani. Na hiyo saa vua, utomvu utaiharibu."

Karani akakaa. Mnajua anavyomenya? Kama mtu anayechonga mpini. Ndizi inaingia mkononi mwake ukubwa wa kiganja, inatoka kama kidole cha mtoto, na nyama yote iko kwenye ganda. Akina mama walishika vichwa. Baba mkwe akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akafungua mdomo kunisifu. "Mkwe wangu," akasema, "kumbe una mbio."

Nikafuta jasho, nikajiweka sawa kitini. Nikawaambia mbio ni za kuzaliwa nazo, si za viatu wala vichupa, mimi hivi ndivyo nilivyo.

Ndipo ule mlango uliorudishwa ukasukumwa, na sauti ambayo kwa miaka kumi na miwili haijawahi kunisemesha ikatoka yenyewe, bila kumsubiri mke wangu aibebe:

"Mwakani mniweke nyuma yake tangu kule ziwani, mimi na jagi langu. Chai haijachemka, yeye yuko Uganda!"