Taa Niliyoifunika kwa Utepe

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nilivyojiona fundi umeme wa magari kuliko mafundi wote wa Bukoba! Nilikuwa nampeleka dada yangu Adventina kufunga ndoa Buganguzi, kwa gari la mjomba, na mimi mwenyewe ndiye niliyelifungia betri mpya siku mbili kabla.

Taa nyekundu ya betri ilikuwa bado inawaka kwenye dashibodi. Betri mpya, taa ya nini? Nikakata utepe mweusi, nikaifunika, nikaenda zangu kunyoa. Ukitaka kucheka, cheka tu, nimestahili.

Tulitoka Kanazi kwa vifijo. Honi mfululizo, taa zote zinawaka, redio juu, Adventina kiti cha nyuma na shela lake. Padri alikuwa ameshasema wazi: ndoa saa nne, kisha anaondoka kwenda kigango kingine, harudi mpaka mwezi ujao. Tulipoingia Muleba, kwenye mlima, gari likakohoa, likazima. Nikageuza ufunguo: tik. Na lilikuwa gari la oto, lisilo na klachi, hata kulisukuma hakusaidii. Basi la ndugu lilikuwa limetangulia. Adventina akaanza kulia, wanja ukamtiririka.

Akasimama sista mmoja mzee na pikapu yake. Nikamkimbilia na heshima zetu za Kihaya.

"Sista, waitu, wameniuzia betri mbovu!"

"Umeipima?"

Sikuwa hata na mita ya kupimia umeme! Akatoa yake, akapima: volti kumi na moja na kidogo. Akachungulia dashibodi, akaubandua utepe wangu.

"Gari limekuambia halichaji, wewe ukaliziba mdomo! Betri ni debe tu, kijana. Kinacholijaza umeme ni alteneta, inayozungushwa na injini."

Akabonyeza mkanda wa alteneta kwa kidole. Ulikuwa umelegea hadi nikaona aibu.

Lakini moyo wangu uliruka, mwanangu! Ugonjwa tumeupata! Nikalegeza bolti, sista akaivuta alteneta mkanda ukakaza, nikafunga kwa nguvu zangu zote. Tukaunganisha waya kutoka kwenye pikapu, tukasubiri kidogo, nikawasha. Likanguruma! Mita ikapanda: kumi na tatu, kumi na nne! Nilipiga kelele pale barabarani kama niliyefunga goli, na Adventina akacheka na machozi yake.

Padri tulimkuta ameshavaa kofia ya pikipiki, ufunguo mkononi. Alipomwona bibi harusi akaivua, akarudi ndani ya kanisa. Niliimba misa ile mpaka sauti ikakauka.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza ufundi huu. Ukiletewa gari lisilowaka, usikimbilie duka la betri. Pima injini ikiwa imezimwa. Betri nzima husoma kumi na mbili na nusu, au juu kidogo. Washa, pima tena. Isipopanda kuelekea kumi na nne, usiilaumu betri: angalia vichwa vyake kama vimeota ukungu, angalia waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, mkanda, kisha alteneta yenyewe. Na usipojua, sema hujui, maana nyuma yako amekaa mtu na siku yake ya pekee.

Mungu akupe mikono mitulivu na moyo usioogopa kuambiwa umekosea, na kila utakayembeba amfikishe wakati bado wanamsubiri.