Msilizungushie Baraza Uzio

Asubuhi moja bado naikumbuka, mwanangu. Ilikuwa enzi za Wafaransa, nami bi harusi mpya katika nyumba hii hii ya Mahajanga mliyoachiwa wewe na ndugu zako. Alikuja vazaha mmoja, Mzungu wa manispaa, na kamba ya kupimia. Akatangaza kwamba mabaraza ya mawe yaliyo kando ya mlango yatavunjwa ili barabara ipanuliwe.

Mimi nilifurahi, sikufichi. Nyumba niliipenda: kuta nene za matumbawe na chokaa, mlango wa nakshi, roshani ya mbao juu. Lakini kila mpita njia alijikalia pale, na wa kufagia makombo ni mimi. Nikamwambia mama mkwe, "Afadhali yaondoke, tupumue."

Alikuwa anakuna nazi. Akaacha, akanijibu kwa Kikomoro chake, taratibu. Na akisema taratibu, ujue umepatikana.

"Baba yako aliposhuka melini kutoka Nosy Be, homa imempanda, hakumjua mtu mji huu. Alilala wapi?"

Siku zote nilidhani baba yangu na baba mkwe walijuana kwa biashara tu.

"Hapo unapofagia. Mume wangu alimkuta alfajiri akienda msikitini, akamwingiza ndani tukamuuguza. Lisingekuwapo baraza lile, wewe ungezaliwa?"

Nililia, mwanangu. Wavunjaji walipokuja na nyundo walitukuta tumekaa juu ya mabaraza, mimi na yeye na majirani, birika la kahawa katikati. Vazaha alifoka mpaka akachoka, akaondoka na watu wake. Baadaye serikali yake hiyo hiyo ikaiandika nyumba kuwa ya kumbukumbu, mabaraza yakiwemo. Kila nikiyapaka chokaa namwombea yule mama.

Sasa nasikia mnataka kuweka uzio wa chuma, eti nyumba ya kumbukumbu isichafuliwe na wapita njia. Msifanye hivyo. Walioijenga waliweka mabaraza nje ya mlango makusudi, ili asiyejulikana apate pa kukaa kabla hajapiga hodi. Zibeni nyufa, pakeni chokaa, fagieni makombo, na mgeni mwacheni akae.

Mungu akupe afya na riziki, mwanangu. Na siku utakayoshuka peke yako mji usioujua, ukute baraza la kulala, na mwenye nyumba atoke alfajiri akuone.